Giza la Kupimia Buluu

SURA YA TISA

Benchi la mbele ya kituo cha polisi lilikuwa limeshamzoea mama wa mshukiwa. Inspekta alimkuta pale pale alipomwacha jana, sweta la mwanawe likiwa limekunjwa mapajani. Askari wa zamu walikuwa wamelikataa sweta lile kwa kuwa lina kamba shingoni, na mahabusu haruhusiwi kamba. Mama hakubishana nao. Alikaa akaanza kuichomoa ile kamba kidogo kidogo, ili wakimwambia neno tena wawe hawana sababu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Umekula kitu?"

"Nitakula akitoka."

Inspekta alipita haraka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa shingo, na kituo kizima kilimwita Mama Tena, maana hakuna shahidi aliyewahi kumaliza kusimulia mbele yake bila kuambiwa, "Hebu niambie tena." Wezi walimchukia kwa hilo. Mkuu wa kituo naye, siku kama ya leo, alikuwa upande wa wezi.

"Kesho asubuhi kijana anapanda kizimbani," Mkuu alisema bila kuinua uso. "Mauaji. Nataka jalada hapa mezani kabla sijaenda nyumbani."

"Jalada lina tundu, Mkuu."

"Kila jalada lina tundu. Lizibe."

Tundu lenyewe lilikuwa hili. Marehemu alikuwa mwanamke mkemia, na kazi yake ilikuwa kuunda molekuli ambazo zikipitishiwa umeme hutoa mwanga wa buluu, za kutiwa kwenye skrini za simu, televisheni na taa za nyumbani. Alikuwa ameishi na kazi hiyo hata wenzake wakamwita Buluu. Alikuwa hasikii tangu utotoni, homa ilimchukua masikio yote mawili, lakini alisoma midomo ya watu vizuri kiasi kwamba wageni walimaliza mazungumzo naye bila kujua. Alikutwa amekufa katika chumba cha giza cha maabara, ameketi kitini, shavu juu ya mkono, kama mtu aliyepitiwa na usingizi akisubiri chai.

Daktari hakuona jeraha wala sumu. Alikosa oksijeni, basi. Chumbani mlikuwa na chupa kubwa ya nitrojeni ya kimiminika, ile baridi kupita barafu wanayogandishia sampuli zao. Nitrojeni ilichemka, ikawa gesi, ikaisukuma hewa njema nje. Gesi hiyo haina harufu wala haikabi koo. Mtu anachoka tu, analala, na haamki. Chupa ililetwa na mkemia kijana aliyekuwa msaidizi wake. Kifuniko chake kilikutwa kimelegea. Siku moja kabla, mlinzi wa lango aliwaona wawili hao wakirushiana mikono uani.

Hayo yote yalikaa sawa jaladani. Lakini ukutani mwa kile chumba palikuwa na kipima oksijeni chenye king'ora, na kumbukumbu ya kifaa chenyewe ilionyesha kwamba kilipiga kelele mapema, mtu akiwa bado na nguvu za kutosha kusimama na kutoka. Watu wa nje hawakusikia, kwa sababu mlango ulizungushiwa mpira ili mwanga usipenye, na chumba cha jirani kina pampu zinazonguruma kutwa. Marehemu mwenyewe hangesikia hata kama king'ora kingewekwa begani mwake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kifaa kilifungwa taa nyekundu kali, ya kuwaka na kuzimika. Ndani ya giza totoro, taa ile ingemtoa mtu usingizini.

Mbona hakusimama?

"Alitaka kufa," alisema Sajini, mtu wa tumbo na wa majibu mepesi. "Au alikuwa amefumba macho."

"Umewahi kupima kitu umefumba macho, Sajini?"

"Mimi napima mchele tu, Afande, na mke wangu ndiye anayesoma mizani."

Walimtoa kijana mahabusu. Aliletwa bila mkanda wala viatu, macho yamevimba. Maabara walimwita Chumvi. Jina alipewa na marehemu mwenyewe wiki yake ya kwanza kazini, alipohangaika kutwa nzima kuunda kitu kipya duniani, akaishia kupata chumvi ya mezani.

"Niambie tena," Inspekta alisema.

"Nimeshasema, mama."

"Sema tena. Mimi ni mzito wa kuelewa."

"Nilijaza chupa, nikaipeleka chumba cha giza. Dada akanishukuru, akafunga mlango kwa ndani. Nikaenda kwenye pampu. Saa ya chakula ikapita hajatoka. Nikavunja kitasa."

"Feni ya kutolea hewa ilikuwa imezimwa."

"Kila mtu huizima akipima. Upepo wake unatikisa sampuli."

"Na kule uani? Mlinzi aliwaona mnapigana."

Kijana aliinua mikono yake miwili, akaitazama kana kwamba ameiazima. "Tulikuwa tunaongea. Kusoma midomo kutwa kunachosha macho, nikajifunza lugha yake ya mikono ili apumzike. Mlinzi aliona watu wawili wanaongea."

"Kuhusu nini?"

"Nilitaka tutangaze molekuli yetu. Yeye alitaka kipimo kimoja zaidi. Nilikasirika. Ukikasirika mikono inakuwa mikubwa."

"Ulipovunja kitasa, uliwasha taa ya chumba?"

"Niliwasha."

"Ukaona nini?"

"Nilimwona yeye."

"Na ukutani?"

Chumvi aliangalia miguu yake isiyo na viatu. Mpaka hapo alikuwa amejibu kila swali akimtazama usoni.

"Sikuangalia ukutani."

"Niambie tena."

"Sikuangalia ukutani, mama."

Inspekta alimwashiria Sajini amrudishe. Katika mahojiano yote huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza aliousikia kwa kijana yule, nao ulimkera, kwa sababu haukumsaidia mwenyewe kwa lolote.

*

Maabara ilikuwa kwenye jengo la ghorofa mbili nyuma ya kiwanda cha vioo. Mwalimu aliwapokea Inspekta na Sajini katika ofisi ya marehemu. Wote walimwita hivyo, Mwalimu, ingawa sasa alikuwa mkuu wa maabara. Alikuwa mzee mwembamba, koti lake jeupe limempwaya, na meza nzima mbele yake ilikuwa imejaa maboksi.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole tena na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa, tutafanyaje? Ninafunga vitu vyake nimpelekee mama yake. Sikutaka mtu mwingine avishike."

Alitia kikombe boksini, kisha miwani ya akiba, kisha sega. Alifunika boksi, akavuta tepu nyeusi, akaikata kwa meno na kuibandika. Mkono wake ulitetemeka.

"Yule kijana amekiri?"

"Bado."

"Ana tamaa. Niliwaambia siku ile ile. Alitaka jina lake litangulie. Binti yangu amefanya kazi ile miaka, yeye amekuja juzi." Alisema "binti yangu" bila kujishtukia. "Unajua nilimpataje? Alikuwa mwanafunzi ambaye hakuna mwalimu aliyemtaka darasani. Wanasema, huyu hasikii, atajifunza nini? Nikamweka mbele, kando ya ubao. Nikafundisha muhula mzima nikimtazama yeye peke yake, wengine wakasikiliza kisogo changu."

"Ulijifunza lugha yake ya mikono?"

"Haikuhitajika. Mimi na yeye tulielewana kwa midomo." Akavuta boksi jingine. "Nilikuwa nikisema nitajifunza nikistaafu."

Inspekta alivuta kiti. "Nieleze hiyo buluu, Mwalimu. Polepole."

Na mzee, kwa mara ya kwanza tangu waanze kuonana, uso wake ulikunjuka. "Nyekundu tunayo, kijani tunayo. Buluu ndiyo inayotuzeesha. Mwanga wake una nguvu nyingi mno, na ile molekuli inayoutoa inautoa kwa kujiumiza. Inawaka vizuri siku za mwanzo, kisha vifungo vyake vinakatika, inafifia. Skrini yako ikianza kuzeeka, buluu ndiyo inayotangulia kufa."

"Yeye alifanyaje?"

"Aliikaza viungo. Molekuli ikijipinda wakati inawaka, nguvu inapotea njiani na kufanya uharibifu. Akaijenga ngumu, isijipinde. Kilibaki kipimo kimoja. Unaigandisha, unaimulika, unazima kimulikizi, halafu unangoja uone mwanga unaobaki nyuma. Ni hafifu sana ule. Taa ya chaja peke yake inauharibu."

"Ndiyo maana kila mashine mle ndani imebandikwa tepu."

"Ndiyo maana. Hilo ndilo somo langu la kwanza kwa kila anayekanyaga hapa: kabla hujapima, ua kila taa. Hata ndogo kama jicho la sisimizi." Alivuta tepu nyingine. "Asubuhi ile nilimwandalia chumba mwenyewe. Ndiyo kwanza nimerudi, nilikuwa hospitali na mke wangu, tumelala huko wiki nyingi. Nikasema leo ni siku yake, asihangaike na tepu. Hilo tu ndilo linalonipa faraja."

Alikata ile tepu kwa meno, akaibandika juu ya boksi, na kabla ya kuishindilia akaikunja ncha yake kwa kidole gumba, ikabaki kisikio kidogo cha kuvutia wakati wa kuibandua.

Inspekta alikitazama kisikio kile, kisha akaaga.

*

Fundi wa vifaa aliwakuta kwenye mlango wa chumba cha giza, funguo zikilia kiunoni. Sajini alitangulia kumwonyesha ile chupa kubwa ya nitrojeni.

"Kifuniko kililegezwa," Sajini alisema kwa fahari. "Hiki ndicho kitakachomfunga."

Fundi alimtazama kama anayengoja mzaha uishe. "Afande, hicho hakikazwi. Ukikikaza, chupa inalipuka. Lazima ipumue."

"Sasa kwa nini nitrojeni yote ilitoka?"

"Gusa hapa chini. Siku ile palikuwa na ukungu wa barafu kwa nje, si ndiyo? Ganda lake la ndani, lile la kuzuia joto, limekufa. Chupa nzee. Ilishikilia, ikashikilia, ikachoka siku hiyo." Alikuna kichwa. "Inatokea. Ndiyo maana tunaweka king'ora."

Sajini alifuta kitu kwenye daftari lake.

"Taa ya king'ora ni ya zamani?" aliuliza Inspekta.

"Hapana, ni mpya kabisa. Niliifunga mwenyewe Mwalimu akiwa hospitali. Chumvi ndiye aliyenisumbua. Kila siku yuko mlangoni kwangu: fundi, dada hasikii, siku kikilia itakuwaje? Nikaifunga ili anipishe."

Inspekta na Sajini walitazamana.

"Anayetaka kuua hafungi taa ya kuokoa," Sajini alisema taratibu.

"Tujaribu kifaa."

"Nilikijaribu siku ya kwanza, Afande. Nilibonyeza, kikalia. Niliandika kinafanya kazi."

"Ulisikiliza tu, au uliitazama na taa?"

Inspekta alichukua vizibo vikubwa vya masikio vinavyovaliwa kwenye chumba cha pampu, akavivaa, akaingia ndani na kukaa kwenye kiti cha marehemu. Kiti kilikuwa na mto mdogo uliobonyea katikati. Fundi alizima taa na kuufunga mlango.

Giza la mle halikuwa giza la kawaida. Inspekta aliinua mkono mbele ya uso wake asiuone. Hakusikia kitu zaidi ya damu yake mwenyewe. Alingoja taa nyekundu. Akangoja sana. Alijiambia labda fundi bado hajabonyeza, na hapo hapo akaelewa kwamba hivyo ndivyo mtu angejiambia, akiwa amekaa, akiwa na kazi yake mbele, hana haraka.

Mlango ulifunguliwa. Akavua vizibo. King'ora kilikuwa kikilia kwa nguvu hata meza ikitetemeka.

"Umeiona?" Fundi alipaza sauti.

"Sijaona kitu."

"Lakini lazima iwake! Mbona..." Fundi alinyamazisha kifaa, akakisogelea, akapitisha kidole juu yake. Kilikuwa kifaa cheusi, na juu ya taa yake palikuwa na kipande cha tepu nyeusi kilichokaa sawasawa, kama sehemu ya kifaa. "Nani amefanya hivi?"

Sajini alipiga kofi paja lake. "Basi ndiye. Chumvi ndiye pekee aliyejua taa ni ya nini. Ameiomba mwenyewe, akaiziba mwenyewe. Nani angemshuku? Afande, tundu limezibika."

Ndivyo ilivyoonekana, na kama ingekuwa kesi ya mtu mwingine, jalada lingefika kwa Mkuu kabla ya chai ya jioni. Inspekta alisogeza uso karibu. Kona moja ya tepu ilikuwa imekunjwa, imeacha kisikio kidogo cha kuvutia. Alizunguka chumba. Juu ya mashine ya kwanza, kisikio. Juu ya swichi, kisikio. Juu ya kompyuta, kisikio.

"Fundi, bandua tepu zote za humu ndani. Kila kitu kiwake kama kawaida. Sajini, kamwombe Mwalimu aje. Mwambie namwomba anionyeshe jinsi chumba kinavyoandaliwa."

"Afande, yule mzee ndiye mlalamikaji wetu."

"Najua ni nani."

*

Mwalimu alikuja na tepu yake mkononi. Alisimama mlangoni akipumua, maana hakuwa ameingia mle tangu siku ile. Inspekta alimpa muda.

"Kama ukiona ni vigumu, Mwalimu, tuache."

"Hapana. Kama itasaidia kumfunga aliyemuua, nitafanya."

Akaanza. Mikono iliyokuwa ikitetemeka juu ya maboksi ikatulia, kwa kuwa kazi ile ilijua njia yake. Alianza kushoto mwa mlango kama mtu anayefagia, akafuata ukuta. Jicho la kijani la kompyuta, tepu. Swichi, tepu. Kimulikizi, tepu mbili. Kila kipande alikikata kwa meno, akakikunja ncha. Alikuwa akieleza huku akienda, sauti ya darasani ikimrudia: hii watu huisahau, hii wengi hufikiri haina madhara. Fundi alitaka kusema kitu, Inspekta akamgusa mkono.

Mwalimu alifika ukuta wa mwisho. Pale kwenye kifaa cheusi, ndani ya taa, palikuwa na nukta nyekundu iliyotulia, ya kuonyesha kwamba taa iko tayari. Alikata tepu kwa meno, akaikunja ncha, akaifunika, akaishindilia kwa kidole gumba.

"Hivyo," alisema. "Sasa unaweza kupima."

Inspekta alitamani mtu mwingine aifanye kazi iliyobaki, lakini hakukuwa na mtu mwingine.

"Hiyo ya mwisho, Mwalimu. Ni taa ya nini?"

"Ile? Sijui, ni mpya. Nilipoondoka haikuwapo. Vifaa vya siku hizi havikosi taa, hata visipokuwa na..."

Sauti ilimkatikia njiani. Alikitazama kifaa. Alikuwa mtu wa vipimo maisha yake yote, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ni ya king'ora," alisema.

"Ndiyo."

"King'ora kina sauti. Taa ya nini?" Alimgeukia Fundi, karibu amsihi. "Taa ya nini, ikiwa kina sauti?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Ya yule asiyesikia," Inspekta alisema.

Mzee aliinua mkono kuibandua ile tepu. Alikishika kisikio alichokikunja mwenyewe, vidole vikakataa kuvuta. Alisimama hivyo, ameshika kona ya tepu, kama mtu aliyeshika ncha ya nguo ya mtoto asimwache aende. Kisha akakaa chini sakafuni, na Sajini, ambaye hakuwa mtu wa kulia, akatoka nje kwenda kuangalia gari.

"Nilimfundisha mimi," Mwalimu alisema. "Ua kila taa. Nilimfundisha mimi."

"Hukujua, Mwalimu."

"Alikuwa akiniamini. Aliingia, akakuta chumba kimeandaliwa, hakukagua. Angekuwa ameandaa mwenyewe angeiacha." Alijifuta uso kwa koti. "Nani aliiomba hiyo taa?"

Inspekta alisita. Katika kazi yake kuna maswali ambayo jibu lake ni adhabu tosha. Lakini alikuwa ameulizwa.

"Kijana uliyemshitaki."

*

Mkuu wa kituo alilisoma jalada akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa ameketi. Mwisho alisema mwendesha mashtaka ataamua kuhusu mzee, uzembe au ajali, lakini kijana aachiwe sasa hivi. Akaongeza, bila kumtazama Inspekta, kwamba tundu jingine likionekana asichelewe kusema.

Chumvi alirudishiwa mkanda na viatu. Alikuwa akifunga kamba za viatu Inspekta alipomwambia, "Tepu ilikuwa na kisikio."

Kijana aliacha kufunga.

"Ulijua," Inspekta alisema.

"Niliiona nilipowasha taa. Hakuna mtu mwingine anayekunja vile."

"Ungefungwa maisha yako yote. Mama yako amekaa pale nje hali chakula."

"Nilifikiri mtaona ni ajali kabla hamjafika kwake." Alisema hayo akitazama viatu. "Dada alikuwa akimwita baba. Mke wake yuko kitandani, hana mwingine wa kumgeuza. Nikawaza, nikimtaja nitakuwa nimemuua na huyu. Mama, nakuomba. Msimwambie. Semeni taa iliharibika."

"Ameshajua. Mwalimu yuko nje, kwenye benchi."

Walitoka. Jua lilikuwa limeshuka na upepo ulikuwa baridi. Mwalimu alikuwa amekataa kwenda nyumbani kabla ya kumwona kijana, na kwa kuwa palikuwa na benchi moja tu, alikaa ubavuni mwa yule mama. Hawakujuana. Mama alikuwa ameona mzee wa watu anatetemeka, amekaa na koti jeupe la kazini tu, akamtandika begani lile sweta lisilo na kamba.

Mama alimwona mwanawe, akainuka, akamshika uso kwa mikono miwili bila kusema. Mwalimu naye akainuka, sweta likiwa mabegani. Alitazama huyu, akatazama yule, akaelewa ni sweta la nani.

"Yeye..." alisema hatimaye. "Kuomba radhi. Alikuwa anafanyaje? Kwa mikono."

Chumvi alijitoa taratibu kwa mama yake. Aliuchukua mkono wa mzee, akakifungua kiganja, akakiweka juu ya kifua, akakishusha polepole.

"Hivi?"

"Polepole zaidi, Mwalimu."

Mzee akarudia. Akarudia tena, machozi yakimtoka, mkono ukipanda na kushuka juu ya sweta, mpaka ukawa sahihi. Kijana alimtazama mpaka alipomaliza, kisha akamjibu kwa mikono yake mwenyewe, kwa utaratibu, maneno machache. Mama Tena alisimama pale karibu asielewe hata moja. Hakuuliza aambiwe tena.